Mzigo wa Kukimbia Haukufunguliwa

Blanketi lisilokauka lina harufu yake. Si uvundo hasa, wala si moshi peke yake. Ni vitu hivyo viwili vimelala pamoja siku tatu bila kupatana, na aliyekulia kwenye vilima vya Masisi hahitaji kuelezwa zaidi. Kule jua linachungulia asubuhi, linaona ukungu, linarudi kwake. Unafua Jumatatu, unaanika juu ya ua, mvua inakuja saa saba, unakimbia kuanua, unatundika juu ya moto ndani ya nyumba, na Alhamisi ukikamua upindo bado unapata tone. Nikiisikia harufu hiyo leo, hata ikiwa inatoka kwa jirani, mikono yangu huanza kuwasha katikati ya vidole. Haina kitu, nimeiangalia mara nyingi mno. Inawasha tu.

Nilikuwa na umri wa miaka kumi, na tulikaa katika nyumba nane za mbao na turubai zilizopangwa mstari mmoja, juu ya kilima kinachotazama machimbo ya Rubaya. Hatukuzaliwa pale. Sisi ni watu wa shamba, watu wa maharage na viazi, na babu zetu walilima upande wa pili wa milima kabla mtu yeyote hajasikia neno koltani, yale madini yanayochimbwa pale. Vita vilitutoa kule, tukaja kukaa na jamaa saba zilizotolewa kama sisi. Baba yangu, ambaye mikono yake ilijua jembe tu, akaanza kubeba magunia ya madini mgongoni kutoka shimoni hadi barabarani, na alikuwa akirudi Jumapili amejaa udongo mpaka kwenye kope. Mama alibaki na sisi wanne: mimi Mapendo, wadogo zangu wawili wa kiume ambao kazi yao ilikuwa kupigana, na Jeremi, aliyekuwa na miezi minane na mashavu ambayo kila mpita njia alitaka kuyafinya. Jeremi alikuwa wangu. Nilimbeba mgongoni kutwa, nikiteka maji naye, nikimenya viazi naye, na mama akimchukua kumnyonyesha mgongo wangu ulisikia baridi.

Kila nyumba ilikuwa na mzigo wa kukimbia. Sijui kama watu wa mahali pengine wanaujua; kwetu mtoto aliujua kabla ya kujua kuhesabu. Ni furushi unalolifunga siku ya amani kwa ajili ya siku isiyo ya amani, na ukishalifunga huligusi. La kwetu lilikuwa na blanketi mbili, kikwembe kimoja, yaani kitenge cha mama cha kujifunga, sufuria ndogo, chumvi, kiberiti, na karatasi za shule na za ubatizo ndani ya kimfuko. Risasi zikilia, kila mtu alijua cha kushika: mama Jeremi, wadogo zangu kila mmoja mkono wa mwenzake, na mimi mzigo. Nilijivunia kazi hiyo, wacha niseme ukweli. Usiku niliulalia kama mto, mkono mmoja nimeuzungusha, ili nisije nikautafuta gizani.

Tena haukuwa mzigo wa mchezo. Safari ya kwanza tulipokimbia, mama alikuwa amefua blanketi siku hiyo hiyo. Tuliondoka nazo mbichi, zinachuruzika maji, nzito kama mtu, na tukakaa siku tatu kwenye migomba bila moto kwa sababu moshi ungetuonyesha. Koko, mama yake mama, alifunikwa na moja ya zile blanketi mbichi. Siku ya pili alisema hasikii tena miguu yake, na siku ya tatu hakusema kitu. Tulipofika Rubaya na mama akafunga mzigo mpya, aliniita, akanishika kidevu ili nimtazame. “Mapendo, hii mzigo isilowane tena. Ata nyumba iungue, hii ibakie kavu. Umesikia?” Nilisikia. Nilisikia vizuri mno, na hapo ndipo mambo yote yalipoanzia.

Upele ulikuja msimu wa mvua. Nani aliuleta? Aka, msiniulize; kila nyumba ina jibu lake hadi leo. Watoto tulilala tumebanana, tulibadilishana kofia na sweta, mama mmoja alimfunga mtoto wa mwenzake kwa kikwembe cha mama wa tatu, na hakuna aliyeona ubaya kwa sababu hatukuwa na namna nyingine ya kuishi. Ulianza kwa vijipele katikati ya vidole, ukapanda kwenye viganja, kwapani, kiunoni, mpaka watu wazima wenye heshima zao wakawa wanajisugua mgongo kwenye nguzo za nyumba huku wanaongea habari za kanisa. Tulicheka mwanzoni. Wadogo zangu walishindana nani ana mistari mingi zaidi. Halafu mwalimu akatupanga mstari, akatazama mikono, akaturudisha nyumbani kumi na mmoja kwa siku moja, na njiani watoto wa barabara ya chini wakatukimbia wakipiga kelele kwamba tumeoza. Watu walijaribu kila kitu: majivu, majani machungu ya kuponda, hata oili chafu ya pikipiki. Mdogo wangu mmoja alipakwa oili hiyo na baba kwa nia njema kabisa, akalia hadi sauti ikakauka, na ngozi ikamtoka mapajani.

Ndipo alipokuja Papa Justin. Huyu alikuwa mtu wa kwetu tu, mkulima aliyefundishwa kidogo na kituo cha afya awe anapita nyumba kwa nyumba; mfupi, mwenye koti la mvua lisilo na vifungo, na mkali kama pilipili. Aliketi na watu wote wa nyumba nane, akaweka mbele yake dumu dogo la dawa nyeupe, na akaeleza kwamba chini ya ngozi zetu kuna kadudu kadogo kasikoonekana, kwamba kanatembea kutoka ngozi hadi ngozi na kanajificha kwenye nguo na matandiko. Ukimpaka mmoja ukaacha mwingine, umefanya kazi bure. “Ni siku moja na nyumba zote,” alisema. “Na nguo zote ziingie mu maji ya moto siku ile ile. Muntu mumoja akificha ata kitambaa, upele itarudi, na dawa haiko tena. Dumu ni hii moja. Musikuje kuniambia eti mulisahau.”

Mtu aliyejua namna ya kuifanya kazi hiyo alikuwa Mama Espe. Alikaa nyumba ya mwisho, mjane, na aliishi kwa kuwafulia wachimbaji nguo zao. Mtu ambaye hajaona nguo ya mchimbaji wa Rubaya hajui uchafu, inasimama yenyewe. Mama Espe alizichemsha kwenye pipa la chuma lililokatwa, akizikoroga kwa mti mrefu, na mikono yake ilikuwa misafi hadi kwenye mikunjo ya vidole. Binti yake, Espe, alikuwa rika langu na rafiki yangu. Tuliimba pamoja kwaya ya watoto, na alinifundisha kusuka. Mama Espe ndiye aliyeona kile ambacho Papa Justin hakukiona: kwamba watu hawawezi kuchemsha nguo zote wakabaki uchi kwenye baridi ile. Akaamua kila nyumba ilete nusu ya nguo mapema wiki ile. Akazichemsha, akazikausha juu ya moto wake mwenyewe, akazifungia kwenye magunia safi asiziguse mtu. Jumamosi tungepakwa dawa, tungevaa hizo, na nusu iliyobaki ingeingia pipani. Alifanya hivyo kwa nyumba nane, na macho yake yakawa mekundu kwa moshi wiki nzima.

Jumamosi ikafika na mvua yake. Akina mama walituvua nguo nyuma ya turubai, wakatupaka dawa kuanzia shingoni hadi katikati ya vidole vya miguu, na ilichoma, jamani, hasa pale ulipokuwa umejikuna. Jeremi alipakwa hadi kichwani, akapiga mayowe kisha akashangaa mikono yake ilivyong'aa. Tulikatwa kucha. Watu walikuwa wakicheka, baba mmoja akacheza ngoma akiwa na taulo tu, na Mama Espe alisimama kwenye mvuke wa pipa akiita kama mtu wa sokoni: “Leteni kila kitu inagusaka ngozi! Ata kofia ya papa! Ata kile kitambaa munafichaka chini ya matandiko!” Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kukusanya vya nyumba yetu. Nilitoa mikeka, nilitoa magunia tuliyolalia, nilitoa sweta la baba. Nikabaki nimesimama mbele ya mzigo.

Ng'ambo ya kilima zililia risasi mbili. Labda ilikuwa mtu amelewa, labda si kitu. Kule mtu hageuzi hata kichwa kwa risasi mbili. Lakini mimi niligeuza. Nilitazama mvua, nikawaza blanketi mbili zikining'inia mbichi siku tatu, nikamwona Koko kwenye migomba. Nilifikiri kwamba nimepakwa dawa, wote wamepakwa dawa, na furushi limefungwa, ndani kadudu kangeingiaje? Sikufikiria kwamba nililalia nje yake kila usiku, kichwa na mikono na mate, kwa miezi. Nilikuwa na miaka kumi. Nilivuta gunia la viazi, nikausukuma mzigo nyuma yake, nikatoka na mikono mitupu.

Mama aliniuliza jioni, akiwa amechoka, akimfunga Jeremi kwenye nguo safi. “Mapendo, na ile ya kukimbia, ulishaifungula?”

“Nilishaifungula, mama.”

“Blanketi yote mbili?”

“Yote mbili. Iko kwa Mama Espe, mu pipa.”

Alinitazama kidogo, akasema, “Vizuri,” akaendelea na kazi yake. Usiku huo mikeka ilikuwa bado mibichi na sakafu ni udongo. Nikautoa mzigo nyuma ya viazi, nikaweka kichwa changu pale pale kilipozoea kukaa, na Jeremi nikamlaza kifuani kwangu, shavu lake likiegemea kitambaa cha mzigo.

Siku zilizofuata zilikuwa nzuri kupita kiasi. Sijui niwaelezeje utamu wa ngozi isiyowasha. Watu walilala. Tulirudi shuleni, mwalimu akatazama viganja vyetu, akatupitisha bila neno, na mimi na Espe tukatembea kifua mbele kama watu waliotoka kutawazwa. Halafu asubuhi moja, nikiwa nachota maji, nilisikia kitu kidogo kati ya kidole cha pete na cha mwisho. Nilitia mkono kwenye maji baridi, nikaubana huko mpaka ukafa ganzi. Nikajiambia ni mbu. Siku ya tatu ilikuwa mikono yote miwili, na nikajifunza kutembea nimekunja ngumi. Jeremi hakujua kukunja ngumi. Yeye alisugua nyayo zake moja kwa nyingine, akajikwaruza shingo, akalia mgongoni kwangu kutwa nzima, na nilipomshusha niliona vijipele kwenye viganja vyake vidogo. Nilijua. Hata kama ningekuwa mjinga kiasi gani, nilijua.

Ningeweza kusema siku hiyo. Nimelifikiria jambo hilo kutoka kila upande na halibadiliki: ningeweza kusema. Mzigo ungefunguliwa, ungechemshwa, labda Papa Justin angekwangua chini ya dumu akapata matone ya mtoto mmoja. Niliogopa fimbo. Ndiyo, ni hicho tu, niliogopa fimbo na aibu ya kuitwa mwongo mbele ya Espe. Nikaendelea kuulalia mzigo, na wiki ya tatu watoto wa nyumba ya pili walikuwa wanajikuna, na wa nyumba ya nne, na wa nyumba ya sita.

Vijipele vya Jeremi vilivunjika. Alivikwaruza vikatoa maji, maji yakawa usaha, usaha ukafanya maganda ya manjano shingoni na kwapani, na yalipobanduka chini palikuwa pekundu. Mama alimwosha kwa maji ya chumvi. Siku moja mwili wake ukawa moto, kesho yake akakataa titi. Mashavu yale yakalegea. Mama alimfunga mgongoni, mimi nikamfuata na chupa ya maji, tukaanza kushuka kwenda kituo cha afya. Njia ya kawaida ilikuwa imefungwa na watu wenye silaha. Hawakutupiga wala hawakututukana, walisema tu turudi. Tukazunguka kwa njia ya juu, na mvua, na utelezi, saa nyingi. Muuguzi alimpokea mbio na kumchoma sindano. Alipigana sana, yule mwanamke, sitamsahau. Jeremi alifariki asubuhi, mikono yake imefunuliwa, na muuguzi akamweleza mama kwa upole kwamba si upele wenyewe ulioua. Ni vidonda vya kujikuna vilivyoingiwa na uchafu, na uchafu ukaingia kwenye damu. Mama aliitikia kwa kichwa. Nilisimama pale na chupa yangu ya maji ambayo hakuna aliyeinywa.

Tulimzika kilimani. Siku ya tatu watu wa nyumba nane wakakutana, maana msiba ulikuwa umegeuka hasira, na hasira ilitaka mtu. Papa Justin alisema kile alichotuonya: kuna aliyeficha kitu. Hakumtaja mtu. Lakini macho yalianza kutembea, na yalitembea hadi nyumba ya mwisho, kwa mwanamke anayeshika nguo za wachimbaji kila siku ya Mungu. Nani mwingine? Nguo za watu mia wasiojulikana zinaingia kwake, na sisi tumempa na zetu! Ilionekana wazi mno, mpaka wale waliokuwa wamemshukuru kwa moshi wake wakashangaa kwa nini hawakuiona mapema.

Mama Espe aliinuka. Alikunja mikono ya blauzi hadi kwenye viwiko, akanyoosha mikono mbele ya kila mtu. “Muangalie. Iko na upele? Mutoto wangu mumuangalie na yeye. Miye nachemshaka. Nyinyi munachemshaka?” Akasubiri, kisha akasema kwa sauti ya chini, na nasikia bado kila neno: “Muniambie kitu moja tu. Siku ile ya pipa sikuona mzigo ya kukimbia ata moja. Nani alifungula yake? Ainue mukono.”

Mvua ilidondoka kwenye turubai. Nilitazama watu wazima wa nyumba nane, na hakuna mkono ulioinuka, hata mmoja. Walitazama chini, wote, baba aliyecheza ngoma na taulo, mama wa nyumba ya pili, wote. Kumbe sikuwa peke yangu! Kila nyumba ilikuwa na Koko wake kwenye migomba, kila nyumba ilikuwa imesukuma furushi lake nyuma ya gunia. Mtu angedhani hapo tungecheka, au tungelia pamoja, halafu tukawasha moto chini ya pipa. Badala yake mwanamke wa nyumba ya kwanza aliruka juu. “Mama wa batu anatoka kuzika mutoto, na weye unamuuliza mizigo? Hauna haya?” Na kelele zikaanza. Watu wote wakamgeukia mama yangu, wakingoja neno lake, maana msiba ulikuwa wake. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda, mikono juu ya magoti. Hakusema ndiyo, hakusema hapana.

Kesho yake pipa la Mama Espe lilikutwa limetobolewa. Hakumsubiri mtu amfukuze kwa mdomo. Alifunga vitu vyake, akasema anakwenda upande wa Walikale, Omate, amesikia kule kuna machimbo ya dhahabu na wanaume wasiojua kufua. Kabla ya kuondoka alipita mlango kwa mlango akirudisha nguo za watu zilizokuwa kwake. Za kwetu zilikuwa kavu, zimekunjwa, na juu kabisa kulikuwa na kinguo cha Jeremi. Espe alisimama nyuma ya mama yake, na furushi kichwani. Alinitolea mkono tuagane. Niliuficha wangu nyuma ya mgongo, kwa sababu ulikuwa na upele, nami sikutaka kumwambukiza. Yeye alielewa vingine. Niliona usoni kwake alivyoelewa, na mdomo wangu haukufunguka.

Sasa naishi Walikale mwenyewe. Niliolewa na mtu wa Butembo mwenye duka, nina watoto wawili, na kazi yangu ni ile ya Papa Justin: napita nyumba kwa nyumba na daftari na koti la mvua, ila langu lina vifungo. Nimefika Omate mara nne. Nimewauliza akina mama wanaofua mtoni. Mmoja alikumbuka mjane mwenye mikono misafi na binti, lakini walishahama, labda wako njia ya Bisie, labda wamerudi mashariki, nani ajuaye. Dawa siku hizi inapatikana zaidi kuliko wakati ule, na watu wanasikia maneno ya sabuni bila kukasirika sana. Mengine hayajabadilika. Watoto bado wanalala wamebanana kikwembe kimoja. Mizigo bado imefungwa nyuma ya milango, kwangu pia.

Mwaka jana tuliitwa kwenye mafunzo. Muuguzi kijana, binti mdogo kuliko mimi, alikuwa anaeleza mambo ya upele ambayo niliyajua kwa moyo: kupaka siku moja nyumba nzima, kucha, maji ya moto, jua. Akaongeza neno moja kama mtu anayeongeza chumvi. “Kitu hauwezi kufua, unaitia mu mufuko ya plastike, unafunga kabisa, unaiacha siku saba. Kadudu haiishi bila ngozi ya muntu. Inakufa njaa.”

Niliinua mkono. “Ata blanketi?”

“Ata blanketi.”

“Bila kuilowesha?”

“Bila kuilowesha. Mama, kuko nini?”

Nilitoka nje. Siku saba kwenye mfuko! Rubaya ilikuwa imejaa plastiki. Baba alirudi nayo kila Jumapili, ile waliyotandika ndani ya magunia, tukaitumia kuziba paa. Mzigo wetu ungefungwa ndani yake ukabaki mkavu, tayari kwa kukimbia, na mimi ningelaza kichwa kwenye mkono wangu kwa wiki moja. Nyumba nane zingefanya hivyo. Nilikaa kwenye jiwe nje ya darasa nikalia kwa hasira, si kwa huzuni, hasira ya kutaka kumpiga mtu, na mtu mwenyewe hayupo.

Mchana ule ule nilimpigia simu mama, anayeishi Goma sasa na wadogo zangu wale wa kupigana kutwa, ambao siku hizi ni watu wazima wapole. Nilimwambia yote, tangu gunia la viazi. Nilimwambia nilidanganya, mzigo haukufunguliwa, Jeremi alilala juu yake. Nilizungumza haraka ili nisije nikaacha. Alinisikiliza hadi mwisho, na nilisikia redio ya jirani yake ikiimba.

“Nilijua,” alisema. “Magaribi ile ile nilipitisha mukono nyuma ya viazi. Ilikuwa kavu. Nikasema asante Mungu, mutoto huyu iko na akili.”

Niliihamishia simu sikio la pili. Kisha nikamuuliza, na Mama Espe je? Pale kwenye mkutano, ulipokuwa umeketi na watu wote wanakungoja?

Nilisikia mama akifunga mlango, na redio ikafifia. “Mapendo, mutoto mumoja nilikuwa nimetoka kumuzika. Wa pili nisingemutoa kwa batu.”

Miaka yote hiyo nilikuwa nimesubiri anipige. Nilisema, “Asante, mama,” na nilimaanisha, na bado nimeshindwa kupata namna ya kujisamehe kwa kuwa nilimaanisha.